Wiki Tatu Bila Ufagio

Mimi Wanjira nikifa leo, wa kunisema watanisema kwa mengi, lakini hakuna atakayesema nyumba yangu ilikuwa chafu. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akanihukumu kabla sijamaliza. Huku kwetu Gachoka, ukishuka kutoka Embu mpaka joto likupige usoni, vumbi ni letu na sisi ni wa vumbi. Hata hivyo wageni wangu huvua viatu mlangoni bila kuambiwa, na wasiovua huwa nawaangalia tu mpaka wavue.

Mume wangu Kathuri, ambaye watu humwita Baba Mukami kwa jina la binti yetu aliyeolewa Meru, hajawahi kushika ufagio tangu azaliwe. Simlaumu. Mama yake alimlea hivyo, nami nikampokea hivyo. Kazi yake ni nyuki. Ana mizinga thelathini kwenye migunga nyuma ya nyumba, na anawajua nyuki wake vile mimi ninavyowajua kina mama wa kanisa letu, nani mkali na nani mvivu. Yeye ni mtu mpole. Ukali wote wa nyumba hii nimeubeba mimi.

Mvua ilipokosa misimu mitatu mfululizo, maji ya mabwawa ya Tana yalishuka na umeme ukaanza kukatika kila mahali. Ndipo kampuni moja ikapewa leseni ya kuweka mitambo ya dharura ng'ambo ya bonde letu. Injini kumi, kila moja kubwa kama darasa, zikinguruma bila kupumzika, zikichoma mafuta mazito, yale meusi yanayofanana na lami. Tuliambiwa ni ya miezi sita tu. Wakaongezewa muda, wakaongezewa tena, mpaka mwaka wa pili ukaisha. Mabomba ya moshi yalikuwa mafupi, na bonde letu lina tabia ya kufunga hewa asubuhi, kwa hiyo moshi haukupanda ukaenda zake. Ulikuja kukaa nasi.

Masizi yalianguka juu ya mabati, kwenye sukuma wiki, kwenye nguo zilizoanikwa. Nilifuta chumba cha Kathuri mara mbili kwa siku, maana dirisha lake linatazama bonde, na kila jioni kitambaa kilitoka cheusi. Mwaka wa kwanza alikohoa. Mwaka wa pili hakuweza tena kupanda kwenye mizinga, akawa anaketi chini na kuisikiliza. Daktari wa Embu alimpima kifua, akanivuta kando akaniambia, "Mama, moshi uondoke au mzee aondoke. Mapafu haya hayana mwaka mwingine wa hivi."

Dada yake Kathuri anakaa Manyatta, huko juu kwenye kahawa na hewa ya mlima. Alikuwa amemtengea chumba. Kathuri alikataa katakata.

"Mimi mtu wa joto," alisema. "Nikipanda huko kwenye baridi nikiwa mgonjwa, mtaniteremsha kwa sanduku. Na nyuki nimwachie nani? Wewe? Si utawafagia."

Nilicheka, lakini moyoni niliogopa sana. Tumekaa pamoja miaka thelathini na nne. Sikujua kulala kwenye nyumba ambayo Kathuri hayumo, na sikutaka kujifunza.

Leseni ile ya dharura ilikuwa inakaribia kuisha, na kampuni ilikuwa imeomba nyingine, ya miaka kumi. Kikundi chetu cha kina mama, ambacho mimi ni mwenyekiti wake, kikaandika barua kwa ofisi ya mazingira. Tuliandika kwamba masizi yanajaza kiganja, kwamba watoto wanakohoa, kwamba kuna wazee hawapumui. Sikutegemea jibu. Kumbe barua zinasomwa. Tulijibiwa kwamba afisa atafika Jumatano, tarehe kumi na tisa, apime moshi wa mitambo na kukagua nyumba zilizo karibu, kisha taarifa yake ipelekwe kwa kamati ya leseni. Nakala ya jibu ilipelekwa kwa kampuni, kama utaratibu unavyotaka.

Sasa sikilizeni ujinga wangu, na ninautaja mwenyewe kabla hamjautaja nyinyi.

Jumapili baada ya matangazo nilisimama kanisani. Niliwaambia kina mama, mgeni wa serikali anakuja kukagua nyumba zetu. Kukagua. Neno hilo kwetu lina maana moja tu. Mimi nimelelewa hivi: mgeni akija kukagua nyumba yako, unafagia mpaka nyuma ya choo. Nikasema sitaki kusikia kwamba mtu wa ofisi amekanyaga Gachoka viatu vyake vikapakaa masizi. Nikagawa zamu. Wenye ngazi wapande kwenye mabati, wasio na ngazi washike ndoo.

Lydiah, jirani yangu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, aliniuliza, "Mwenyekiti, na kuku tuwaogeshe?"

"Wako waoge," nikamwambia. "Ndio wachafu."

Tulifanya kazi siku tatu. Nyumba arobaini na mbili. Tuliosha mabati mpaka yakang'aa, tukasugua matangi, tukafuta majani ya mipapai moja moja. Kuta tulizipaka chokaa, sakafu za udongo tukazipaka samadi mbichi. Maji ya kuoshea hatukuyamwaga. Huku kwetu maji hayamwagwi. Ukimaliza kuosha unayaweka kwenye pipa, kesho unamwagilia mboga. Kathuri aliniomba mtungi mmoja wa maji hayo kwa ajili ya nyuki wake, kwa sababu vijito vilikuwa vimekauka na alikuwa akiwawekea maji kwenye karai. Nikampa, huku nikimwambia asiniharibie ua uliofagiwa.

Jumatano asubuhi nilivaa kitambaa kipya kichwani. Nilitazama ng'ambo ya bonde nikaona jambo la ajabu: moshi ulikuwa mwembamba, mweupe, kama wa jiko la mtu anayechemsha chai. Nikasema Mungu ni mwema, hata mitambo imejiheshimu siku ya mgeni. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa kinywa changu.

Afisa alikuwa msichana wa Kimeru, mwembamba, mwenye miwani na viatu vizito vya kazi. Jina lake Kathure. Alikuwa ametoka kupima mabomba ya mitambo, na sasa alikuja kwetu na begi la vitambaa vyeupe na vichupa. Alinisalimu kwa mikono miwili, akaniita Mama, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda hapo hapo.

Alifuta nondo za dirisha kwa kitambaa cheupe. Kikatoka cheupe. Akapanda ngazi, akafuta bati. Akafungua tangi, akachungulia. Akageuza majani ya mpapai. Alifanya hivyo kwangu, kwa Lydiah, na kwenye nyumba nyingine kumi na tano, mimi nikimfuata nyuma nimevimba kwa fahari. Kisha akarudi akaketi kwenye kiti changu na kufungua daftari.

"Mama, barua yenu ilisema masizi yanajaza kiganja."

"Yanajaza, mwanangu. Kabisa."

"Yako wapi?"

"Tumeyaosha," nikasema. "Ungekuja Jumamosi ungelia. Tumefanya kazi siku tatu, nyumba zote, hata vyoo."

Aliweka kalamu chini. Alivua miwani akajifuta macho, akakisogeza kikombe pembeni, mpaka nikadhani chai yangu ina kasoro.

"Mama," akasema polepole, "mimi naandika ninachokiona."

Kathuri alikuwa amekaa kwenye kona, blanketi mabegani katika joto lile lote, akikohoa kile kikohozi chake kirefu kisicho na mwisho. Kathure alimtazama kwa huruma. "Mzee nimemwona pia," akasema. "Lakini kikohozi hakina jina la aliyekileta. Wakili wa kampuni ataniuliza kama mzee anavuta sigara, kama mnapikia kuni. Masizi yangesema yenyewe. Yana alama za mafuta mazito, maabara inazijua."

Nilikaa chini kwenye sakafu niliyoipaka kwa mikono yangu, nikaelewa nilichofanya. Niliita shahidi, halafu kabla hajasema neno nikamfukia mwenyewe, tena kwa sherehe.

Gari lake lilipoondoka sikumaliza hata kuosha vikombe. Saa kumi jioni moshi mweusi ulirudi ng'ambo ya bonde. Lydiah alikuja akiwa amenyamaza, na Lydiah akinyamaza ujue kuna msiba. Mwanawe, Mwaniki, ni karani kule kwenye mitambo. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba tangu Jumatatu walizima injini sita, zilizobaki wakaziwekea dizeli safi, na mafuta mazito wakayafungia mpaka mgeni aondoke.

"Kumbe na wao walifagia," Lydiah akasema.

Nilitaka kucheka nikalia. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu. Kampuni ilisafisha kwa sababu ina akili. Sisi tulisafisha kwa sababu ya adabu.

Asubuhi ya pili yake nilimkuta Kathuri nyuma ya nyumba, amechuchumaa mbele ya karai. Nyuki walikuwa wakitua ukingoni, wanatembea tembea, kisha wanaruka kwenda zao. Hakuna aliyekunywa.

"Wana kiu," akasema, "lakini haya hawayataki." Alichovya kidole, akakitoa cheusi, akaninyooshea. "Mama Mukami, masizi yako haya hapa. Nusu mtungi umebaki."

Wengine wote walikuwa wameshamwagilia mboga, hata mimi. Nilifunga mtungi ule kwa nailoni, nikapanda bodaboda hadi barabara kuu na kisha gari mpaka Embu, nimeupakata mapajani kama mtoto. Nilimkuta Kathure ofisini, mezani pake kuna rundo la karatasi. Niliuweka mtungi juu ya karatasi zake.

Hakukasirika. Alinipa kiti. Aliniambia mambo ambayo sikuyajua, na akanieleza taratibu, bila kuniona mjinga. Kampuni yenyewe ndiyo huajiri maabara ya kupima moshi wake kila miezi mitatu, kisha huleta karatasi, na karatasi zao zote zilikuwa safi kama nyumba zangu. Maji yangu hangeweza kuyatumia. Mtu anayelalamika akileta ushahidi wake mwenyewe kwenye mtungi, wakili ataupiga teke tu.

"Lakini sheria inaniruhusu jambo moja," akasema. "Naweza kuingia pale wakati wowote bila kutoa taarifa. Hatufanyi mara nyingi kwa sababu magari ni machache na sisi ni wachache. Kamati inakaa mwisho wa mwezi ujao. Nitakuja kabla ya hapo."

"Siku gani?"

"Hata wewe hutaijua." Alinitazama juu ya miwani yake. "Na Mama, tafadhali. Msifagie."

Mimi, Wanjira, naambiwa nisifagie. Nilirudi nyumbani na agizo hilo kifuani kama jiwe.

Niliwakusanya kina mama ndani ya ukumbi wa kanisa, milango imefungwa. Niliwaomba msamaha kwanza. Si kazi ninayoijua vizuri, lakini niliifanya. Kisha nikawaambia: vyombo tuoshe, watoto tuwaogeshe, chakula tufunike. Lakini mabati, madirisha, kuta, majani na sakafu za vyumba visiguswe mpaka yule msichana arudi. Na neno hili lisitoke nje. Kijana wa mtu akilipeleka ng'ambo ya bonde, tumekwisha.

Macho yote yalimgeukia Lydiah. Alijua. Mshahara wa Mwaniki ndio uliokuwa ukisomesha wadogo zake wawili. Alikunja kitambaa chake magotini mara mbili, mara tatu.

"Mimi kwangu nimeshaacha kufagia tangu jana," akasema mwishowe. "Nilidhani ni uvivu, kumbe ni kazi ya serikali."

Nilipanga kukiacha chumba cha Kathuri nje ya agizo lile. Kingine chochote kichafuke, hicho ningekifuta kama kawaida. Nilipoingia na ndoo jioni ile, alikuwa amekaa kitandani ananisubiri.

"Rudisha," akasema.

"Baba Mukami, wewe ni mgonjwa."

"Dirisha langu ndilo linalotazama mitambo. Akija, humu ndimo atakamoona vizuri. Ukifuta humu utakuwa umefuta pote." Alipumua, akapumzika, akaendelea. "Si wewe ulisema hutaki niende Manyatta? Basi niache nisaidie kubaki."

Nilirudisha ndoo. Sikumsemesha mpaka asubuhi, kwa kuwa alikuwa na haki na mimi sipendi mtu akiwa na haki.

Wiki ya kwanza niliona mkono wangu ukiinuka wenyewe kutafuta ufagio. Niliuficha juu ya dari, nikauteremsha, nikampa Lydiah anifichie. Masizi yalirudi taratibu, kwanza kama kivuli kwenye dirisha, halafu kama unga. Wiki ya pili ukikaa kwenye kiti unaacha alama. Nilijifungia ndani ili nisione watu, lakini watu hawakosi njia.

Alhamisi ya wiki ile alikuja wifi yangu kutoka Manyatta, yule dada yake Kathuri, na kikapu cha maparachichi. Hakutoa habari. Alisimama mlangoni, akatazama sakafu, akatazama madirisha, akaingia chumbani kwa kaka yake akaona shuka lilivyo. Alitoka macho yamemjaa machozi.

"Wanjira, kama umechoka kumtunza ungesema," akaniambia. "Ningekuja kumchukua. Lakini kumwacha ndani ya uchafu hivi, mtu anayeumwa kifua?"

Ningeweza kumwambia. Manyatta ni mbali, lakini maneno husafiri, na nilikuwa nimewaapisha kina mama arobaini na mmoja. Nikasema, "Nimekuwa na kazi nyingi, wifi." Aliondoka bila kunywa chai. Tangu niolewe, hakuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwangu bila kunywa chai. Nilikaa jikoni nikalia mpaka moto ukazimika.

Siku ya kumi na nane Kathuri alishindwa kumaliza uji wake. Midomo ilikuwa na rangi ya kijivu, na ile pampu ya kuvuta aliyopewa na daktari ilikuwa haimsaidii tena. Nilisimama katikati ya chumba nikatazama masizi kwenye mto wake, pale kichwa kilipolala pameacha umbo jeupe. Nilisahau kamati, nikasahau leseni. Nilichukua kitambaa, nikakilowesha, nikaanza na dirisha. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu hata ya kumzuia kuku, lakini hakuachilia.

"Tumefika mbali," akasema.

"Utanifia humu ndani kwa ajili ya kitambaa?"

"Ukifuta na wao wakapewa miaka kumi, nitakufa humu humu ndani pakiwa safi. Ngoja kidogo, mama."

Hajawahi kuniita hivyo, mama peke yake, tangu ujana wetu. Nilikikunja kile kitambaa nikakiweka mfukoni. Nilimhamishia kiti nje, upande wa mizinga, ambako upepo ulikuwa afadhali, nikakaa naye mchana kutwa bila kufanya kazi yoyote. Nilimwambia nampenda. Alisema anajua, nisipige kelele, nyuki wanasikia.

Afisa alikuja siku ya ishirini na moja, Jumanne, siku ya soko, jua likiwa utosini. Nilisikia gari, nikatoka na gauni langu la shambani, kichwa wazi, mikono imejaa unga. Kathure alikuwa na wenzake wawili, na wote watatu walikuwa na vumbi na jasho. Walikuwa wameshapita kwenye mitambo. Baadaye Lydiah alinipa habari kamili. Mlinzi aliambiwa kwa simu awacheleweshe nje mpaka meneja apatikane, na injini zote kumi zilikuwa zikiunguruma na mafuta mazito. Mwaniki alikuwa pale getini na kitabu cha wageni. Alimtazama Kathure na barua yake ya mamlaka, akamtazama mlinzi, kisha akainua kizuizi mwenyewe. Hakumwambia mtu kwa nini. Mama yake anasema alikuwa na njaa akataka kwenda kula, lakini mimi najua mama yake anaficha fahari.

Kwangu, Kathure alianza kuvua viatu mlangoni.

"Usivue, mwanangu," nikamwambia. Uso ulinishuka. "Leo usivue."

Akavua. Aliingia na soksi zake, na kila alipokanyaga nyayo zilibaki. Alifuta nondo za dirisha la Kathuri. Kitambaa kikatoka cheusi kabisa, akakitia kwenye mfuko akaandika saa. Akafuta ukuta. Akafuta ubao wa kitanda. Alipiga picha ya ule mto wenye umbo la kichwa, akasimama akiutazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wenzake walikuwa juu ya mabati, nasikia wanaitana. Walikwenda nyumba kwa nyumba, na kina mama waliwapokea wakiwa wameinamisha vichwa kwa aibu, kila mmoja akisema samahani kwa uchafu.

Alipomaliza nilimwambia sina kikombe cha kumpa ambacho hakijaingia vumbi. Akasema atanywea hicho hicho. Alikunywa chai yote, akiwa amekaa karibu na Kathuri, wakizungumza habari za asali, na babu yake aliyekuwa na mizinga huko kwao. Hakufuta ukingo wa kikombe. Sitamsahau kwa hilo.

Mwisho wa mwezi niliitwa Embu kusikia uamuzi. Nilimwacha Kathuri na maji karibu, na uji kwenye chupa, nikamwambia asiinuke. Ufagio nilikuwa nimeshaurudisha kutoka kwa Lydiah, lakini nilikuwa sijapata moyo wa kuugusa. Niliogopa kusafisha kabla ya neno la mwisho. Nilikuwa nimejifunza.

Chumba cha mkutano kilikuwa na feni na wanaume wa tai. Wakili wa kampuni aliongea vizuri. Alionyesha zile karatasi za kila miezi mitatu. Kisha Kathure akasimama akasoma tarakimu zake: moshi wa siku ile ya Jumanne ulizidi kiwango cha sheria mara nne, na masizi ya nyumba zote arobaini na mbili yalikuwa na alama za mafuta yale yale yaliyokuwa kwenye matangi ya kampuni. Mwenyekiti wa kamati aliuliza maswali mawili tu. Leseni ya miaka kumi ikakataliwa. Injini zizimwe zote siku hiyo hiyo, na kampuni ikitaka kuomba upya, sharti kwanza iinue mabomba, ibadilishe mafuta na kuweka chombo ndani ya bomba kitakachopeleka vipimo ofisini kila saa, bila kupitia mkono wa mtu.

Nilipiga simu mbili. Moja kwa Lydiah. Ya pili kwa wifi yangu wa Manyatta, nikamweleza yote tangu mwanzo. Aliuliza kwanza kama kaka yake amekula. Halafu akasema atakuja Jumapili, na atakunywa chai.

Niliteremkia barabarani saa tisa nikatembea kwenda nyumbani, na nikiwa bado kwenye mteremko nikahisi kuna kitu kimekosekana. Ilikuwa ile ngurumo. Baada ya miaka miwili na zaidi, nilisikia njiwa.

Ua ulikuwa umefagiwa. Umefagiwa vibaya, mistari inakwenda huku na kule, majani yamesukumwa mpaka kwenye njia yakaachwa hapo. Nilidhani ni Lydiah, nikatayarisha maneno ya kumwambia. Niliingia ndani. Sakafu ilikuwa imenyunyizwa maji kuzuia vumbi, mengi mno, mpaka yamekuwa tope karibu na meza. Dirisha la chumbani lilikuwa limefutwa hadi pale mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Juu ya hapo palikuwa bado peusi.

Kathuri alikuwa amekaa kizingitini kwa mlango wa nyuma, ufagio magotini, shati limelowa jasho, kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amefunga mdomo na pua kwa kitambaa changu kipya cha kichwani.

Nilitaka kumfokea. Mtu ambaye hajawahi kushika ufagio, na pumzi alizobakiwa nazo ni za kuhesabu.

"Kuna mgeni anakuja?" nikamuuliza.

Alishusha kitambaa akavuta hewa, kidogo kidogo, akijaribu kama ni kweli.

"Wewe," akasema. "Vua viatu."